Kulishwa bila Kuzaa: Historia ya Ulishaji na Uzazi katika Michezo ya Uigaji wa Bustani za Dinosaria, 1993–2025

1.0 Utangulizi

Michezo ya kompyuta inayompa mchezaji jukumu la kusimamia bustani ya dinosaria imekuwapo kwa zaidi ya miaka 30. Sifa inayotumika sana kuipambanua ni uhalisia: mnyama aonekane, atembee na aishi kama kiumbe wa kweli. Makala haya yanachunguza vipengele viwili vya uhalisia huo, yaani ulishaji na uzazi. Swali linaloongoza mjadala ni hili: kwa nini chakula kiliingia katika michezo hii tangu mwanzo, ilhali uzazi, ambao ndio kiini cha hadithi iliyoipa michezo hii umaarufu, ulichelewa hadi mwaka 2025 katika mfululizo unaojulikana zaidi?

Hoja ya makala ni kwamba kuchelewa huko hakukutokana na upungufu wa teknolojia wala wa maarifa ya sayansi. Kulitokana na mantiki ya usimamizi iliyojengwa ndani ya michezo yenyewe. Mnyama anayekula ni gharama inayohesabika, bali mnyama anayezaa huongeza idadi bila idhini ya msimamizi.

2.0 Chimbuko: Chakula na Uzazi kama Nyenzo za Udhibiti

Riwaya ya Michael Crichton, Jurassic Park, ilichapishwa mwaka 1990, na filamu ya Steven Spielberg iliyotokana nayo ikatolewa mwaka 1993. Katika riwaya hiyo, wenye bustani wanategemea kinga mbili za kibiolojia. Kinga ya kwanza ni ya chakula: wanyama wameundwa wasiweze kujitengenezea laisini, hivyo hawana budi kupewa kirutubisho hicho na binadamu, na atakayetoroka anatarajiwa kufa. Kinga ya pili ni ya uzazi: wanyama wote wameundwa kuwa majike.

Kinga zote mbili zinashindwa. Waliotoroka wanapata vyakula vyenye laisini nyingi, na vinasaba vya chura vilivyotumika kujaza mapengo vinawawezesha baadhi ya majike kugeuka kuwa madume. Jambo lenye uzito wa pekee kwa mjadala huu ni namna siri hiyo inavyofichuka. Programu ya kuhesabu wanyama ilikuwa imeelekezwa kutafuta idadi inayotarajiwa, ilipoifikia, haikuendelea. Ilipotakiwa kutafuta idadi kubwa zaidi, iliipata. Wanyama walikuwa wakizaana muda mrefu, lakini kompyuta haikuwaona kwa sababu haikuulizwa.

Hivyo basi, tangu chimbuko lake, hadithi ya bustani ya dinosaria ilizungumzia upofu wa programu ya kompyuta mbele ya uzazi. Kinaya cha historia inayofuata ni kwamba programu zilizoundwa kwa kuiga bustani hiyo ziliurithi upofu huohuo.

3.0 Chakula Kama Hesabu, 1993–2018

Mwaka uleule wa filamu, 1993, taasisi ya MECC ya Minnesota, Marekani, iliyojulikana kwa michezo ya kufundishia, ilitoa DinoPark Tycoon. Mchezaji alinunua ardhi, uzio, wanyama na chakula. Alipaswa kujua yupi ni mlamajani na yupi ni mlanyama, kisha apange matumizi yake kwa kuzingatia mapato. Lengo lilikuwa kumfundisha mtoto biashara, na chakula kilikaa katika daftari la matumizi pamoja na mishahara na matengenezo.

Mwaka 2003 studio ya Blue Tongue ya Melbourne, Australia, iliunda Jurassic Park: Operation Genesis. Mchezo huo uliongeza hatua ya kupata vinasaba kutoka katika visukuku na kaharabu. Kadiri vinasaba vilivyokamilika, ndivyo mnyama alivyoishi muda mrefu. Walanyama walihitaji kuwinda, na hawakubagua kati ya mlamajani na mgeni aliyelipa kiingilio. Hata hivyo, kila dinosaria alitoka katika kituo cha kutotolea mayai kwa amri ya mchezaji. Mnyama aliishi, alikula, alizeeka na kufa, hakuzaa.

Utaratibu huo uliendelea katika Jurassic World Evolution, uliotolewa Juni 2018 na Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Mahitaji ya mnyama yaligawanywa kwa kina zaidi: chakula, maji, msitu, mbuga, na idadi ya wenzake anaoweza kuishi nao. Palikuwa na hori la chini na hori la juu kwa walamajani, nyama kwa walanyama, na mbuzi hai kwa wanaohitaji mawindo. Nyongeza ya mwaka 2019 ilileta mimea ya kale, ambapo kila spishi ilikuwa na aina inayoipendelea. Toleo la pili, la Novemba 2021, lilifanya mimea iliyooteshwa ndani ya uzio iwe sehemu ya lishe.

Mkondo huo unadhihirisha kwamba ulishaji ulikua kiuhalisia kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kila hatua ya ukuaji iliongeza kitu cha kununua, kupanda au kujaza upya. Uhalisia wa chakula haukupingana na mamlaka ya mchezaji, uliyaongezea kazi.

4.0 Ushahidi wa Sayansi na Mchango wa Tendaguru

Ingewezekana kudai kwamba uzazi uliachwa kwa sababu sayansi ilikuwa na machache ya kusema kuuhusu. Dai hilo halina mashiko. Mwaka 1979 Jack Horner na Robert Makela walieleza kiota chenye makinda kilichopatikana Montana, Marekani, na wakampa mnyama huyo jina la Maiasaura, lenye maana ya mjusi aliye mama mwema. Katika miaka ya 1990, visukuku vya Mongolia vilisahihisha kosa la mwaka 1924, pale Oviraptor alipopewa jina la mwizi wa mayai. Kijusi kilichopatikana ndani ya yai la aina iliyodhaniwa kuibwa kilionesha kuwa mayai hayo yalikuwa ya jamii ya oviraptori wenyewe, na visukuku vingine vikaonesha wanyama wa jamii hiyo wakiwa wameatamia. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake walieleza tishu ndani ya mfupa wa Tyrannosaurus inayofanana na ile inayojengeka kwa ndege jike anayetaga.

Tanzania ina nafasi yake katika ushahidi huu. Uchimbaji wa Kijerumani katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ulitegemea kazi ya mamia ya Waafrika waliochimba mifupa na kuibeba kwa miguu hadi pwani. Kutokana na uchimbaji huo, Kentrosaurus, aliyeelezwa na Edwin Hennig mwaka 1915, aliingia katika orodha ya wanyama wa Operation Genesis. Muhimu zaidi ni kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, ambacho kimo chake kinazidi mita 13. Kiunzi hicho kiliitwa Brachiosaurus brancai na Werner Janensch mwaka 1914, na sasa hujulikana kama Giraffatitan. Kwa kuwa kilikuwa kamili zaidi kuliko mifupa ya Brachiosaurus wa Marekani, ndicho kilichojenga kwa sehemu kubwa taswira ya mnyama mwenye shingo ndefu anayekula vilele vya miti. Hori la juu la mwaka 2018 ni kizazi cha mbali cha taswira hiyo.

Lakini Tendaguru haikutoa ushahidi wa chakula peke yake. Palipatikana pia mifupa mingi ya Dysalotosaurus, mlamajani mdogo, iliyolundikana pamoja ikiwa ya wanyama wa umri tofauti, wachanga kwa wakubwa. Mifupa hiyo imewawezesha watafiti kufuatilia ukuaji wa mnyama mmoja katika hatua zake. Hivyo, ardhi ileile iliyoipa michezo shingo ndefu ilikuwa na somo la makinda, na somo hilo halikuchukuliwa.

5.0 Mkondo wa Bustani za Wanyama

Dai la upungufu wa teknolojia nalo linakanushwa na mkondo wa pili wa michezo, ule uliotokana na bustani za wanyama wa kawaida. Zoo Tycoon ya Blue Fang, iliyotolewa mwaka 2001, iliruhusu wanyama kuzaana. Nyongeza yake ya dinosaria, Dinosaur Digs ya mwaka 2002, ilimfanya mchezaji aweke yai na kusubiri lianguliwe. Planet Zoo, iliyotolewa na Frontier yenyewe Novemba 2019, ilikwenda mbali zaidi: wanyama walirithi sifa za afya, umri, ukubwa na uwezo wa kuzaa, uzazi kati ya ndugu wa damu ulikuwa na athari, na mchezaji aliweza kutumia njia za kuzuia mimba.

Kampuni moja, basi, ilikuwa na mfumo kamili wa urithi wa vinasaba mwaka 2019, lakini mchezo wake wa dinosaria wa mwaka 2021 ukaendelea bila uzazi. Tofauti ilikuwa katika dhana ya mnyama. Katika bustani ya wanyama, mnyama ni kiumbe aliyepokelewa kutoka katika ulimwengu wenye vizazi. Katika bustani ya dinosaria, mnyama ni zao la maabara, na mchezo mzima umejengwa juu ya kumgharimia uzalishaji wake. Dinosaria anayezaliwa bure angeuvunja uchumi huo.

6.0 Uzazi Waingia, 2025

Toleo la tatu la Jurassic World Evolution, lililotoka Oktoba 2025, lilileta madume, majike, viota na makinda wanaokua hadi utu uzima wakiwa wamerithi sifa za wazazi. Kwa mara ya kwanza katika mfululizo huo, idadi ya wanyama iliweza kuongezeka kwa njia isiyokuwa ya maabara. Miaka 35 baada ya riwaya, programu iliweza kuhesabu kupita idadi iliyoagizwa.

Uzito wa hatua hiyo unaonekana inapolinganishwa na bustani halisi. Februari 2014 bustani ya wanyama ya Copenhagen, Denmark, ilimuua twiga mchanga aliyeitwa Marius, aliyekuwa na afya njema, kwa sababu vinasaba vyake vilikuwa tayari vimewakilishwa vya kutosha katika mpango wa uzalishaji wa Ulaya. Sehemu ya mwili wake walilishwa simba. Katika tukio hilo, ulishaji na uzazi vilikutana: ziada ya kimoja ikawa hori la kingine. Kinyume chake, Machi 2018, miezi mitatu kabla ya toleo la kwanza la Frontier, kifaru Sudan alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Alikuwa dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini, na aliacha majike wawili tu, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Tangu mwaka 2019 wanasayansi wamekuwa wakitengeneza viinitete katika maabara kwa kutumia mayai ya faru hao na mbegu zilizogandishwa. Wakati mchezaji alitoa dinosaria maabara kwa dakika chache, maabara za kweli zilikuwa zikipambana kumpata ndama mmoja.

Mifano hii inaonesha kwamba uzazi wa wanyama walio chini ya ulinzi wa binadamu huzaa matatizo mawili, ziada na uhaba, na yote mawili hudai uamuzi wa kimaadili. Mchezo usio na uzazi humwondolea mchezaji uamuzi huo kabla hajaufikia.

7.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba ulishaji na uzazi havikukua sambamba katika michezo ya bustani za dinosaria. Chakula kilikubalika mapema kwa kuwa kiliimarisha nafasi ya msimamizi. Uzazi ulicheleweshwa kwa kuwa ulimpunguzia mamlaka, licha ya kuwapo kwa ushahidi wa visukuku tangu mwaka 1979 na mifano ya kiufundi tangu mwaka 2001. Kutokana na hayo, uhalisia wa michezo ya aina hii hautoshi kupimwa kwa wingi wa mahori, usahihi wa mimea au uzuri wa ngozi ya mnyama. Kigezo chenye nguvu zaidi ni kama mnyama anaweza kufanya jambo ambalo msimamizi hakuliagiza, na kama msimamizi analazimika kuishi na matokeo yake.