Mimbari za Mabati

Ukitaka kujua dini ilivyoota mizizi Kawangware, mtaa wa Nairobi, anza na shule kabla ya kufungua Biblia. Mwaka 1929 wamishonari wa Kiskoti wa Thogoto, hapo jirani, waliwataka waumini wao Wakikuyu waape kupinga tohara ya wasichana. Tohara hiyo ni ukatili, na kwa hilo wamishonari walikuwa sahihi. Lakini waliokataa kuapa walifungiwa watoto wao nje ya shule za misheni. Wazazi wa upande wa Dagoretti wakajijengea shule huru za Karing'a, kisha wakatafuta wachungaji wao wenyewe. Askofu Daniel William Alexander akaja kutoka Afrika Kusini mwaka 1935, mwenzao Arthur Gathuna akapewa upadri, na huko ndiko walikotokea Waorthodoksi wa Riruta. Shule ilitangulia, kanisa likafuata.

Kibera nayo ina yake. Wanubi, askari Waislamu wa King's African Rifles, waliwekwa kwenye msitu uliokuwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Walisali Makina, ndani ya Kibera, na kuzika wafu wao pale kizazi baada ya kizazi, na hati ya ardhi ya ekari 288 wakaipata mwaka 2017. Baadaye wakaja watu wa Nyanza na Legio Maria yao, kanisa lililojitenga na Katoliki miaka ya mwanzo ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Hadi leo, Jumapili asubuhi, kanzu zao za rangi zinapita kwenye vichochoro vya Gatwekera, pindo zikiinuliwa juu ya maji taka.

Mimi siamini Mungu. Hata hivyo nilijifunza kusoma ndani ya kanisa la mabati la Gatina, Kawangware. Jumapili palikuwa na mimbari, Jumatatu ile mimbari ikawa meza ya mwalimu. Ubao uliegemezwa nyuma ya madhabahu, nasi tulifuta mstari wa Zaburi alioacha mhubiri ili tuandike hesabu. Mvua ikinyesha mwalimu alinyamaza, maana mabati hayakuruhusu sauti nyingine. Baba alipofariki, akina mama wa kanisa hilo ndio waliokuja na sufuria, wakaketi nasi kwenye matanga na kuchanga nauli ya kumpeleka kuzikwa Siaya. Serikali hatukuiona. Anayesema dini ni ujinga wa maskini hajawahi kupeleka maiti nyumbani akiwa hana kitu.

Lakini pia nimemzika jirani aliyeacha dawa za ARV kwa sababu mhubiri alimwambia amepona. Alikuwa na watoto wadogo. Hilo silisamehe, na walioketi kwenye viti vya mbele wakaitikia amina wanapaswa kuulizwa.

Kusema wazi kwamba huamini si jambo geni Nairobi. Machi 1970 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisimama mbele ya mkutano mkuu wa kanisa la Presbyterian, PCEA, akawaambia yeye si Mkristo, na baadaye akaliacha jina la James. Februari 2016 chama cha wasioamini, Atheists in Kenya, kiliandikishwa. Aprili usajili ukasimamishwa kwa muda. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 750,000 wasio na dini. Wengine wako kwenye ploti zetu, wanainamisha vichwa wakati wa sala ili mama asiaibike mbele ya majirani.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinamlinda anayeamini, na kinakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Ndugu zangu wa Gatina na Gatwekera, nitaendelea kuchanga kwenye harambee zenu za madarasa na kubeba jeneza pamoja nanyi. Nanyi simameni nami tuidai serikali shule na zahanati, ili mtoto wa asiyesali asikose dawati, na mgonjwa apate daktari kabla ya kumfikia mhubiri.