Picha za Mawe ya Kale

Waliotutangulia zamani kabisa hawakutuachia barua wala kitabu. Walituachia mawe waliyoyachonga, na mawe hayo ndiyo ushahidi wao. Lakini ni wachache wanaoweza kulishika jiwe lenyewe mkononi. Wengine wote hutegemea picha yake, na picha isiyo ya kweli huharibu ushahidi.

Mwaka 1797 Mwingereza John Frere aliwaandikia wasomi wa mambo ya kale huko London habari za mashoka ya gumegume yaliyochimbuliwa Hoxne, chini kama futi 12. Barua yake ilichapwa pamoja na michoro mwaka 1800. Watu hawakuyajali sana mawe hayo mpaka mwaka 1859, wataalamu walipoyaangalia upya.

Tangu hapo kuchora mawe kukawa kazi yenye sheria zake. Mwanga huchorwa kana kwamba unatoka juu, upande wa kushoto. Na ndani ya kila kovu hutiwa mistari iliyopinda, ili ionyeshe pigo lilitoka wapi. Padri Henri Breuil wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1961, alisifiwa sana kwa kazi ya namna hii. Lakini kazi hiyo yataka saa nyingi, tena mchoraji asiyelielewa jiwe huchora fikira zake mwenyewe. Kamera nayo huchanganywa na rangi za jiwe na vivuli.

Siku hizi kuna mashine iitwayo skana. Hulimulika jiwe kwa leza au kwa milia ya mwanga, na kompyuta hupima jinsi mwanga ule unavyopinda juu yake. Nukta maelfu kwa maelfu huunganishwa kuwa umbo kamili. Umbo hilo twaweza kuligeuza pande zote, kulikata katikati bila kuligusa jiwe, na kuliondolea rangi ili makovu yaonekane wazi.

Tutazame Lomekwi, magharibi ya ziwa Turkana nchini Kenya. Mwaka 2011 Sonia Harmand na wenzake walivumbua huko mawe yaliyogongwa miaka milioni 3.3 iliyopita. Msomaji asishtuke kwa hesabu hiyo. Papa Pio XII, katika barua yake Humani generis ya mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mtu. Alifundisha kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mawe mengine ya Lomekwi yafikia kilo 15, wala si rahisi kuyasafirisha. Lakini picha za skana za baadhi yake zimewekwa katika intaneti, hata mwanafunzi wa Bukavu aweza kuyahesabu makovu mwenyewe. Penye wengi hapaharibiki neno.

Hata hivyo skana haijui kama jiwe lilipasuliwa kwa mkono au lilianguka likavunjika. Ndiyo sababu wataalamu wale walitwaa mawe ya huko huko, wakayagonga wenyewe, wakalinganisha makovu. Mashine hupima, kuhukumu ni kazi ya akili tuliyopewa na Muumba.

Tena skana hulinda umbo la jiwe, lakini haiwezi kurudisha mahali lilipolala. Jiwe likiisha kung'olewa katika udongo wake, ni vigumu kujua umri wake. Basi, tukikuta jiwe la namna hiyo tunapolima au kuchimba mchanga, tuliache pale pale, tuwaite wanaojua. Tusimwondoe shahidi kabla hajasema neno lake.