Mpemba na Hoja ya Maji ya Moto

Ukitoka Mbeya kuelekea Zambia kwa barabara ya TANZAM, unapita Mpemba kabla hujaingia Tunduma. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Isongole, wilayani Ileje, na malori ya mizigo yanapita usiku na mchana. Nilishuka hapo kwa ajili ya jina tu, nikiwa na hoja moja kichwani kuhusu Erasto, yule mwanafunzi aliyeuliza kwa nini maji ya moto huweza kuganda kabla ya yale ya baridi: kila aitwaye Mpemba ametoka kisiwani Pemba, Erasto anaitwa Mpemba, basi Erasto ametoka Pemba.

Hoja hiyo ni halali. Ukishakubali kauli mbili za mwanzo, ya tatu huwezi kuikwepa. Lakini si thabiti, maana hoja thabiti hutaka mambo mawili: mpangilio halali na misingi ya kweli. Msingi wa kwanza hapa ni wa uongo, kwani kuna watu wengi wa bara ambao Mpemba ni jina lao la ukoo. Wala sitasema Erasto alitoka Mpemba hii ya mkoa wa Songwe kwa kuwa majina yanafanana. Ningekuwa narudia kosa lile lile.

Kutoka hapo nilifuata njia ya Erasto Mpemba mwenyewe. Inaanzia Shule ya Sekondari ya Magamba, mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inaisha. Erasto akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, wakati ya mwenzake, aliyeweka maziwa bila kuyachemsha, yalikuwa uji mzito tu. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba wao huweka ya moto makusudi, ili yagande upesi.

Akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, safari hii darasa likiwa kwenye kanuni ya Newton ya kupoa. Jibu la mwalimu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakaligeuza kuwa mzaha.

Tuitazame kwa haki hoja iliyo nyuma ya jibu hilo la mwalimu. Maji ya moto lazima kwanza yashuke hadi joto la yale ya baridi. Yakifika hapo, yanakuwa sawa na yale ya baridi yalivyokuwa mwanzoni. Basi yatachelewa kuganda. Mpangilio huo ni halali kabisa. Shida imejificha katika ule msingi wa pili. Maji yaliyopoa kutoka kwenye moto huenda yamepungua kwa mvuke, yamepoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake, au chombo chake kimeyeyusha barafu kilipokalia na kugusana vizuri zaidi na ubaridi.

Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea Mkwawa, Erasto alimuuliza swali lile lile mbele ya watu waliocheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Erasto na Osborne walichapisha makala pamoja.

Aristotle, baba wa mantiki, alikuwa amelitaja jambo hili zaidi ya miaka 2,000 kabla yao. Na mjadala haujafungwa: mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuzaa matokeo kama hayo. Hata msingi wa Erasto, kwamba ya moto hutangulia kuganda, basi, unastahili kupimwa.

Nawaomba walimu wetu wakumbuke hili. Hoja halali ikifikia hitimisho ambalo macho yameliona kuwa si kweli, mantiki yenyewe inasema kuna msingi mmojawapo ulio mbovu. Hoja ya mwalimu ilikuwa tayari imemwambia atafute kosa liko wapi. Kilichobaki kilikuwa kumimina maji kwenye vikombe viwili, kufungua friji na kusubiri.