Barua pepe ya kwenda mtaa wa pili kupitia Marekani

Kila serikali inayohubiri "jamii ya maarifa" huanza na waya, minara na kompyuta. Basi tukikumbuke kisa cha KIXP, kituo cha Nairobi cha kubadilishana data za intaneti. Vifaa ndivyo vilikuwa sehemu rahisi.

Mwaka 2000 kampuni za intaneti Kenya zilitoka nje kupitia Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba. Kampuni zenyewe hazikuungana humu nchini. Ukimwandikia barua pepe jirani aliye mteja wa kampuni nyingine, ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, kisha ikarudi hadi mtaa wa pili. Kwenda na kurudi, pakiti ilichukua wastani wa milisekunde 1,200 hadi 2,000, na njia hiyo ya nje ililipiwa kwa fedha za kigeni. (Jaribu kuuza programu ya mtandaoni katika hali hiyo!)

Dawa ilijulikana: swichi moja, kila kampuni ilete ruta yake, za hapa zibaki hapa. Ujuzi wa kuziunganisha ulikuwapo. Internet Society ilikuwa ikiendesha warsha za mitandao kwa nchi zinazoendelea tangu 1993, na Mei 2000 kundi la AfNOG, lililoanzishwa na Nii Quaynor wa Ghana na wenzake, lilikutana Cape Town, Waafrika wakifundishana wenyewe. Mwishoni mwa Novemba KIXP ikawashwa.

Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevamiwa, na wiki mbili hivi baadaye Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kizimwe.

Kwa maoni yangu, pengo la ujuzi lilikuwa hapo, mezani pa sheria. Sheria ya Mawasiliano ilikuwa ya 1998, na kitu kama KIXP hakikuwa na kisanduku chake katika fomu za leseni. TESPOK, chama cha kampuni hizo, kilitumia karibu mwaka mzima kueleza, kushawishi na kukata rufaa: huu ni mtandao wa wanachama, haugusi trafiki ya kimataifa. Kazi ya ualimu hasa, ingawa hakuna aliyepewa cheti.

Leseni ilitoka Novemba 2001. Februari 2002 KIXP ikawashwa tena, na safari ya pakiti ikashuka hadi milisekunde 60 au 80.