Siku Majita Ilipokuwa Kisiwa

Mzungu wa kwanza kutuandika sisi Wajita alituandika kisiwani.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 1858. John Hanning Speke alifika upande wa Mwanza, akaliona ziwa ambalo wafanyabiashara wa pwani waliliita bahari ya Ukerewe. Akauliza yale yanayoonekana kule mbali majini ni nini. Wakamwonyesha visiwa viwili: Ukerewe na Mzita. Waliomwonyesha walikuwa Mwarabu mmoja, Mansur, pamoja na mwenyeji ambaye Speke mwenyewe anamsifu kuwa ndiye msafiri mkubwa kuliko wote pale. Jina la Mansur analo. Jina la msafiri mkubwa hakuliandika.

Mzita hiyo ndiyo Majita.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilicheka. Kwetu ni Bugwema, bonde la kilimo. Mtu wa kwetu anaweza kwenda Bunda, hata Butiama, bila kupanda mtumbwi. Kisiwa gani hicho?

Kosa lilirekebishwa mwaka 1875. Tarehe 8 Machi, Henry Morton Stanley aliondoka Kageye na mashua yake, Lady Alice. Mashua hiyo ilitengenezwa Uingereza, ikaletwa kutoka pwani vipande vipande mabegani mwa wapagazi, kisha ikaungwa ufukweni. Stanley akapita ghuba aliyoipa jina la Speke, akaiacha Ukerewe, akapita chini ya mlima wetu na kuona kumbe umeshikamana na bara. Tarehe 6 Mei alikuwa amerudi Kageye, ziwa zima amelizunguka. Kwenye vitabu, kusafiri kati ya visiwa vya Nyanza kunaanzia hapo. Wenyeji wanatokea kama watu wa kuogopa maji. Hata Saramba, kiongozi wake wa njia, tunamkuta akiingizwa mashuani bila hiari yake.

Basi Stanley alikuwa sahihi na Speke alikosea. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja sokoni Bunda.

Mama mmoja alikuwa akiuza dagaa, anaongea na mwenzake. Nikageuka nikidhani ni mtu wa kwetu. Maneno yalikuwa yale yale ya bibi yangu, ila lafudhi ilikuwa na mwendo mwingine. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, wewe ni wa Majita ipi?" Akacheka. "Mwanangu, mimi ni wa Ukara."

Sasa hebu tazama ramani. Ukara ni kisiwa kidogo, kiko kaskazini ya Ukerewe, jirani kabisa. Ungetegemea Kikara kiwe pacha wa Kikerewe. Sivyo. Wataalamu wa lugha wanakiweka Kikara kundi moja na Kijita, Kikwaya na Kiruri, lugha za huku kwetu Musoma. Kikerewe wanakiweka na Kihaya na Kizinza, lugha za upande wa machweo, ng'ambo ya ziwa. Majirani wawili wanaotazamana, na kila mmoja ndugu zake wako upande wake wa maji!

Lugha haielei yenyewe. Inabebwa na watu, na watu hawa walibebwa na mitumbwi. Walikwenda na kurudi, wakaoa, wakahamia, vizazi vingi kabla ya Lady Alice kuguswa na maji ya Nyanza. Stanley aliandika kila siku ya safari yake. Wao safari zao ziliandikwa midomoni mwetu.

Ndiyo maana siku hizi nadhani yule msafiri asiye na jina hakumdanganya Speke. Kwa mtu wa mtumbwi, Majita ni mahali unapofika kwa maji, kama Ukerewe, kama Ukara. Hiyo ilikuwa ramani yake, na kwa njia zake ilikuwa sahihi.

Njia hizo hazijafa, na hazijawahi kuwa mchezo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, Ukerewe, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Wengi walikuwa wanatoka sokoni tu, wamenunua mahitaji, wanarudi nyumbani. Kila ninapoandika neno "safari" kuhusu ziwa hili nawakumbuka. Tunazungumzia barabara ya watu.

Wakerewe wana Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kikachapwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Aliandika maisha ya kwao kwa ndani, kwa lugha ya kwao, kabla hayajasahaulika. Sisi kwa safari zetu za majini kitabu cha namna hiyo sijakiona. Tunachobaki nacho ni lugha yenyewe.

Na hapo ndipo ninapopata hofu. Nyumbani kwangu nikiongea Kijita, watoto wananijibu Kiswahili. Kiswahili nakipenda, ndicho ninachokiandika hapa. Lakini watoto hawa siku moja watapita sokoni Bunda, mama wa Ukara atakuwa anaongea, nao watapita tu. Hawatageuka.