Injini za Zamani za Mashine za Kusaga: Uchaguzi na Uhifadhi wa Mafuta

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

Kwa wakazi wa Nambambo na vijiji vingine vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mlio wa taratibu wa injini ya silinda moja ni ishara kwamba mashine ya kusaga imefunguliwa. Umeme umechukua sehemu ya kazi hiyo, lakini injini za zamani bado zinategemewa pale nguzo hazijafika au umeme unapokatika. Injini moja ikiharibika, akina mama hulazimika kubeba mahindi yao hadi kijiji cha jirani. Chanzo cha uharibifu huo mara nyingi kimo ndani ya pipa la mafuta lililo nyuma ya banda.

Wengi huziita injini hizo Lister, hata zile zilizoundwa India kwa kufuata mfano huo. Kampuni ya R. A. Lister ya Dursley, Uingereza, ilianza kuuza aina hiyo takriban mwaka 1930. Toleo lake maarufu lina nguvu za farasi 6 na huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Kwa mwendo huo wa polepole mafuta hupata muda wa kuungua, hivyo injini huvumilia dizeli ambayo gari la kisasa lingeikataa. Uvumilivu huo ndio uliozaa dhana kwamba injini ya kijijini inakubali chochote. Dhana hiyo ni potofu. Chumba cha kuunguzia huvumilia. Pampu ya mafuta na nozeli havivumilii. Nafasi iliyopo kati ya vipuri vya pampu ni nyembamba kuliko unywele, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Maji huvitia kutu, mchanga huvikwaruza, na mafuta ya taa huvikausha.

Mafuta yanayofaa, kwa hiyo, ni dizeli ya kawaida ya kituoni. Wapo mafundi wanaohofia kwamba dizeli ya siku hizi, yenye salfa kidogo, haina ulainisho wa kutosha. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hata hivyo, ulainisho unaopungua salfa inapoondolewa hurudishwa kwa viambata maalumu kabla ya mafuta kufika sokoni. Hakuna haja ya mwenye mashine kuongeza oili, na kuongeza oili chafu ni kuingiza taka kwenye nozeli kwa mkono wako mwenyewe.

Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa lilikuwa tatizo la kitaifa. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi faida ya uchakachuaji ikapungua sana. Mnunuzi wa kijijini ambaye mafuta yake yamepita mikono mitatu kabla ya kumfikia bado anahitaji tahadhari. Anunue kituoni, adai risiti, na abakize kiasi kidogo katika chupa safi ya kioo. Dizeli safi iliyotulia huwa angavu. Ukungu ni dalili ya maji, nayo mashapo ni dalili ya uchafu.

Zipo pia injini chache za petroli na mafuta ya taa, ambazo huwashwa kwa petroli na kuhamishiwa mafuta ya taa zikishapata moto. Hizo zisihamishwe kabla ya kupata joto, kwani mafuta ya taa yasiyoungua huteremka na kuichuja oili. Oili yake ikaguliwe kila siku.

Suala la mafuta ya mimea huulizwa mara kwa mara, na kwa Nachingwea lina historia yake. Katika Maonesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Nusu karne baadaye, Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo ya Mradi wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Injini hizi zinaweza kweli kuungua kwa mafuta hayo, lakini ni mazito, huacha utomvu kwenye nozeli, na injini lazima iwashwe na kuzimwa kwa dizeli. Zaidi ya hayo, mwenye karanga au ufuta atapata fedha zaidi akiuza mazao yake kuliko akiyachoma.

Uhifadhi ndio unaohitaji umakini mkubwa zaidi. Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na barabara zinapoharibika mwenye mashine hulazimika kuweka akiba. Pipa lisilojaa hupumua: mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hewa yenye unyevu huingia na kugeuka maji. Maji hayo huzama chini, na mahali yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza utando unaoziba chujio. Pipa lijazwe, liwekwe kivulini juu ya magogo, na liinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame kwenye kizibo. Mafuta mapya yaachwe yatulie siku nzima, kisha yatekwe kutoka juu, yakiachwa kama sentimita 10 za chini. Vyombo vya bati la zinki havifai, kwa kuwa dizeli humumunyusha zinki hiyo. Katika joto la nyuzi 30, dizeli isikae zaidi ya miezi 6, na petroli iliyokwisha kufunguliwa isizidi miezi 3.

Petroli na dizeli kamwe zisitumie dumu moja. Petroli kidogo tu ndani ya dizeli hutoa mvuke unaowaka kwa cheche, na dumu hilohilo likitumiwa baadaye kwa mafuta ya taa, kibatari kinaweza kulipuka mezani. Mafuta yasilazwe ndani ya nyumba ya kulala, wala yasivutwe mpirani kwa mdomo. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Bandani kuwe na ndoo ya mchanga mkavu, kwani maji hueneza moto wa mafuta. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.