Sonona ya mishipa ya damu

Sonona ya mishipa ya damu ni aina ya sonona inayowapata hasa wazee na kuhusishwa na uharibifu wa mishipa midogo inayopeleka damu katika ubongo. Mara nyingi huambatana na matatizo ya kumbukumbu.

Mwaka 1997 daktari wa magonjwa ya akili George Alexopoulos na wenzake nchini Marekani walitoa nadharia kwamba magonjwa ya mishipa ya ubongo yanaweza kumweka mzee katika hatari ya kupata sonona, kuianzisha au kuifanya idumu.

Damu na kazi ya ubongo

Ubongo wa mtu mzima ni takriban 2% tu ya uzito wa mwili, lakini mwili unapopumzika hutumia karibu 20% ya oksijeni yote. Kwa kuwa hauna akiba kubwa ya nishati, hutegemea damu inayoufikia muda wote.

Shinikizo la juu la damu, kisukari na uvutaji wa tumbaku huweza kuzifanya kuta za mishipa midogo ziwe nene na ngumu. Damu ikipungua, huathirika nyuzi za neva zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu zake za ndani. Njia hizo huhusika na hisia, hamu ya kufanya mambo, kupanga shughuli na kasi ya kufikiri. Katika picha za MRI madhara hayo huonekana kama mabaka meupe.

Chanzo au matokeo

Vipimo vya PET na SPECT huonyesha jinsi damu inavyosambaa katika ubongo. Kwa wagonjwa wengi wa sonona, upungufu umeonekana katika sehemu ya mbele. Katika ugonjwa wa Alzheimer, upungufu wa mwanzoni huonekana zaidi pembeni na nyuma. Mtu mwenye magonjwa yote mawili anaweza kuwa na upungufu wa sehemu zote hizo.

Hata hivyo, upungufu wa damu peke yake hauthibitishi chanzo cha ugonjwa. Mishipa iliyoharibika hupitisha damu kidogo, lakini pia sehemu ya ubongo inayofanya kazi kidogo huhitaji damu kidogo.

Dalili

Mgonjwa huweza kuwa mzito wa kufikiri na kutenda, kushindwa kupanga mambo na kupoteza hamu ya shughuli alizozipenda. Pengine halalamiki kuwa na huzuni. Kwa sababu hiyo familia huweza kudhani kwamba ni uzee tu, na ugonjwa unaotibika ukaachwa bila tiba.

Utambuzi

Kipimo cha sonona kwa wazee kilichotolewa mwaka 1982 kina maswali 30 ya kujibiwa ndiyo au hapana. Kwa kuwa mtu aliyepoteza kumbukumbu huenda asikumbuke hali yake ya siku zilizopita, mwaka 1988 kilitolewa kipimo cha Cornell, ambacho humhoji pia mtu anayemtunza. Daktari huchunguza vilevile tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na dawa anazotumia mgonjwa, kwa sababu hayo pia huweza kuleta dalili zinazofanana.

Matibabu

Tiba hujumuisha ushauri nasaha, mazoezi, kukutana na watu na, inapofaa, dawa za sonona. Dawa hizo hazimsaidii kila mgonjwa: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2011 uligundua kwamba sertralini na mitazapini hazikuwashinda vidonge visivyo na dawa kwa watu wenye sonona pamoja na ugonjwa wa Alzheimer.

Kudhibiti shinikizo la damu na kisukari na kuacha tumbaku hulinda mishipa iliyobaki. Mzee anayezungumzia kufa au kujidhuru anahitaji kupelekwa hospitali bila kuchelewa.